Ubishi wa Kulipwa

Nilipofika Zürich na shahada yangu ya uzamivu, baridi haikunishinda. Kilichonishinda ni kumwambia profesa kwamba amekosea. Nimelelewa Tanga, ambako mkubwa akinena mdogo huitikia "naam", na mtoto mbishi hana sifa. Siku nne nililiona kosa ubaoni pake, nikanyamaza.

Jioni nilikuwa nikisoma habari za waliotangulia pale ETH, chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1855. Nafasi tunazoziita leo za utafiti baada ya uzamivu zilikuwa kazi za msaidizi, na profesa ndiye aliyemchagua amtakaye. Einstein alihitimu hapo mwaka 1900, akautafuta usaidizi, akaukosa. Akaenda kuajiriwa ofisi ya hataza mjini Bern.

Ila aliyenikamata moyo ni Ralph Kronig. Januari 1925, akiwa na miaka 20, alipata wazo mjini Tübingen kwamba elektroni hujizungusha kama pia. Akamweleza Wolfgang Pauli, aliyekuwa amekwisha kupata jina. Pauli akasema wazo ni la werevu, lakini maumbile hayako hivyo. Kronig hakulichapisha. Mwaka huohuo Uhlenbeck na Goudsmit wa Leiden wakalitoa wazo lilelile, na sifa ikawa yao.

Mwaka 1928 Pauli akapewa uprofesa ETH. Msaidizi wake wa kwanza akawa Kronig yuleyule, na kazi aliyompa ilikuwa hii: kila nisemapo jambo, nipinge, tena kwa hoja. Sijui kazi ngumu kuliko hiyo kwa kijana aliyewahi kunyamazishwa na mtu huyohuyo. Kwangu, Pauli hapo alionyesha ukubwa.

Niliyasoma hayo usiku. Asubuhi nikamwendea profesa: "Samahani, mstari wa tatu alama ya kutoa imepotea." Akaifuta kwa kiganja, akaandika upya, akaendelea na somo. Mikono yangu ilitetemeka mpaka mchana.

Wasaidizi wa Pauli waliomfuata Kronig ni Bloch, Peierls, Casimir, kisha Victor Weisskopf mwaka 1933. Weisskopf alipewa hesabu ya nishati ambayo elektroni inayo kwa sababu ya uga wake yenyewe. Akaichapisha mwaka 1934, ikiwa na kosa. Barua ikaja kutoka Marekani, ya Wendell Furry, kijana rika lake, ikimwonyesha palipoharibika. Weisskopf aliona aibu hata akataka kuiacha fizikia. Pauli akamtuliza kwa namna yake: wengi wamechapisha makosa, isipokuwa yeye Pauli.

Furry angeweza kuchapisha masahihisho mwenyewe. Alimwachia Weisskopf, naye akayatoa akimtaja Furry wazi. Baadaye vitabu vikaanza kumpa Weisskopf ugunduzi uliotokana na masahihisho hayo, na Weisskopf, akiwa mzee na mashuhuri, bado alikuwa akiandika kwamba si wake, ni wa Furry.