Maziwa ya Jioni: Safari ya Milksheki Katika Nyumba za Nyamira

Ng'ombe wa Nyamira, magharibi mwa Kenya, hukamuliwa mara mbili kwa siku. Maziwa ya alfajiri huondoka nyumbani kabla watoto hawajaamka: hupelekwa kando ya barabara, yakapimwa, yakaandikwa katika daftari la mwenye pikipiki au la chama cha ushirika. Hayo ni ya karo, ya mbolea, ya deni la dukani. Ya jioni ndiyo ya nyumbani. Ndiyo ya chai ya usiku, ya ndama na ya mtoto mchanga, na yakisalia hugandishwa. Miaka ya karibuni, kuanzia Keroka hadi Ekerenyo, sehemu ya hayo masalio imeanza kuingia kwenye blenda pamoja na ndizi mbivu, ikatoka milksheki.

Wengi huhesabu kinywaji hicho kuwa cha hoteli za mjini kilichopanda kijijini juzi tu. Mimi sioni hivyo. Blenda ni ngeni kweli, lakini swali la nani anakunywa maziwa na nani anayaona yakipita ni la zamani sana katika nchi ya Abagusii, nalo ndilo lililoamua lini glasi kama hiyo ingewezekana.

Zamani ng'ombe wengi hawakulala nyumbani. Walikaa katika ebisarate, kambi za mifugo zilizolindwa na vijana wa kiume ambao hawajaoa, wenye mikuki, tayari kuwazuia wavamizi. Vijana hao waliishi kwa maziwa na damu ya ng'ombe, huku akina mama, wazee na watoto wakibaki nyumbani na mashamba ya wimbi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maziwa ilinywewa mbali na jiko.

Kisha Waingereza wakaja. Msafara wao wa kijeshi wa mwaka 1905 uliondoka na maelfu ya ng'ombe. Mwaka 1908, baada ya Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, ambaye alipona, msafara mwingine ulipita ukichoma nyumba na kunyakua mifugo tena. Halafu, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ikaamuru ebisarate zivunjwe. Haikutaka makundi ya vijana wenye silaha kukaa peke yao vilimani. Ng'ombe waliosalia wakarudishwa majumbani. Ukoo ulipoteza mali na ulinzi wake kwa pigo moja, na hakuna sababu ya kulipamba jambo hilo. Lakini tangu hapo maziwa yalikamuliwa mlangoni mwa mama, na mama ndiye aliyeanza kuyagawa.

Alichofanya nayo ni amabere amaruranu, maziwa ya kuganda ambayo hadi leo huliwa kwa ugali wa wimbi. Maziwa hutiwa kibuyuni pamoja na kiasi kidogo cha yale yaliyoganda awali, kibuyu hufunikwa na kuachwa siku kadhaa. Bakteria waliobaki kutoka mgando wa awali hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo huyafanya yawe mazito na kuwazuia vijidudu wengine wasistawi. Kibuyu hutikiswa kabla ya kumimina, mabonge yavunjike na kinywaji kiwe laini. Mapishi haya yalitatua tatizo ambalo milksheki hutatua kwa friji: maziwa ya leo yafae kesho, tena yawe na ladha ya kumfanya mtoto aombe kikombe cha pili.

Huko Marekani milksheki yenyewe ilikuwa ikikua kwa njia yake. Mwishoni mwa karne ya 19, jina hilo lilikuwa la kinywaji chenye mayai na pombe, cha watu wazima. Katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, kampuni ya Horlick ilitengeneza unga wa maziwa na kimea, na maduka ya dawa yakaanza kuuchanganya na maziwa baridi. Katika mji huohuo wa Racine, Stephen Poplawski alibuni mnamo 1922 chombo chenye kisu kinachozunguka chini ya gudulia, kwa ajili ya vinywaji hivyo hasa. Mwaka huohuo mfanyakazi wa duka la Walgreens huko Chicago, Ivar Coulson, akaongeza aiskrimu. Mwaka 1937 mwanamuziki Fred Waring aliiuza blenda iliyobeba jina lake hadi majikoni. Kumbe chombo tunachokitumia leo kusagia nyanya, pilipili na juisi kilizaliwa kwa sababu ya maziwa.

Wakati huo Nyamira ilikuwa bado haina maziwa ya kutosha kuchezea. Ng'ombe wa kienyeji ni mvumilivu, lakini baada ya ndama kunyonya, alichobakiza kilikuwa kidogo. Biashara ya maziwa ilikuwa mikononi mwa walowezi, walioanzisha Kenya Co-operative Creameries (KCC) huko Naivasha mwaka 1925. Mwafrika hakuwa na nafasi ya kweli katika soko hilo hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua njia ya wakulima wadogo kufuga ng'ombe wa gredi na kulima mazao ya kuuza.

Mabadiliko makubwa upande wetu yalitokea Borabu. Ardhi ile ya mpakani na Sotik ilikuwa mashamba ya walowezi, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 ilinunuliwa na kugawiwa familia za Kiafrika chini ya mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Nyansiongo, Mekenene, Esise, Isoge na Lietego ni majina ya skimu kabla ya kuwa majina ya vijiji na masoko. Waliopewa ardhi walichukua mikopo ya ng'ombe wa gredi, na maziwa yao yakapelekwa kiwanda cha KCC cha Sotik. Ukitaka kujua kwa nini hata leo mtu wa Borabu huzungumzia lita ambapo mtu wa Manga huzungumzia migomba, anzia hapo.

Zama za KCC zilileta nidhamu, bei iliyojulikana na malipo ya mwezi. Pia zilileta tabia ya kuona maziwa kama kitu cha kupeleka. Mtoto wa mfugaji alikunywa chai iliyotiwa maziwa ya kubadili rangi tu, wakati mkebe uliojaa ulisubiri lori. Mwaka 1979 serikali ya Rais Moi ilianzisha mpango wa maziwa ya shule, maarufu kama maziwa ya Nyayo, katika pakiti za pembe tatu za mililita 200. Kwa watoto wengi wa vijijini hayo yalikuwa maziwa yao ya kwanza kunywewa yenyewe, baridi, bila majani ya chai. Kizazi hicho ndicho sasa kina nyumba na watoto, na nadhani kilitoka shuleni na jambo ambalo wazazi wake hawakuwa nalo: mazoea ya maziwa baridi kama starehe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misukosuko. Mwaka 1992 serikali iliondoa udhibiti wa bei ya maziwa, KCC ikadhoofika hadi kuporomoka, na wafugaji wengi hawakulipwa jasho lao. Kampuni ilirudishwa mikononi mwa umma mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Katika kipindi hicho kigumu wachuuzi wa baiskeli, na baadaye pikipiki, ndio waliobeba soko. Walinunua asubuhi kwa fedha taslimu. Ya jioni hawakuyachukua, maana yangelala bila kupozwa na kuharibika. Hasara hiyo ya soko ikawa heri ya watoto.

Ardhi nayo ilikuwa ikipungua. Kila baba aligawia wana, kila mwana akapanda chai, na malisho yakaisha. Ufugaji wa ng'ombe ndani ya zizi, akikatiwa majani ya nepia na kuletewa, ulienezwa nyanda za juu tangu mwaka 1980 na mradi wa kitaifa uliosaidiwa na Uholanzi. Leo familia yenye robo ekari inaweza kuwa na ng'ombe mmoja mzuri, nepia kwenye matuta, na migomba nyuma ya nyumba. Samadi hulisha migomba, na mabua ya migomba humfaa ng'ombe wakati wa kiangazi. Vitu viwili vikuu vya milksheki vimekuwa vikilishana uani muda mrefu kabla havijakutana glasini.

Ndizi zenyewe zina historia. Migomba ya Gusii ya zamani ilikuwa hasa ya kupika; ndizi za kuiva na kuliwa hazikuwa nyingi. Katika miaka ya 1990 magonjwa na minyoo ya mizizi yalishusha mavuno, ndipo watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wakaeneza miche safi iliyozalishwa maabara kwa tishu. Aina kama Grande Naine na Williams ziliingia, zikazaa mikungu mizito ya ndizi za kuiva, kiasi kwamba msimu mzuri zilipita uwezo wa soko. Mkungu unaoiva wote kwa wiki moja huwezi kuula wote. Wala hutaki kuutupa.

Kilichobaki kilikuwa umeme. Mpango wa serikali wa kuunganisha nyumba za vijijini ulioanza 2015 ulifikisha nyaya katika vijiji ambavyo vilikuwa na transfoma shuleni tu. Taa zilikuja kwanza, kisha redio na simu, kisha, kwa aliyejaliwa, blenda ya dukani Keroka au Kisii.

Kazi yenyewe ni rahisi, lakini ina sheria. Maziwa lazima yachemshwe kwanza, kwa sababu homa ya bruselosisi huwapata watu kupitia maziwa mabichi. Kisha yapozwe kabisa, maana maziwa ya vuguvugu hayashiki povu vizuri. Asiye na friji huweka sufuria ndani ya beseni la maji usiku kucha, na baridi ya vilima vya Kiabonyoru humfanyia kazi hiyo bila bili. Ndizi iwe na madoa meusi: wanga wake umekwisha kugeuka sukari, na sukari ya dukani haihitajiki. Ndizi mbili kubwa kwa nusu lita zinatosha. Parachichi huongeza uzito, na kijiko cha njugu karanga zilizosagwa huleta ladha ambayo sijaona aiskrimu ikiishinda. Matunda ya karakara na machungwa yakiingia humkatisha mtu tamaa, kwa kuwa asidi yake huyakata maziwa. Nanasi bichi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja protini, na baada ya muda kinywaji huwa kichungu, hivyo ukivitumia, kunywa mara moja. Stima zikipotea, ponda ndizi kwa uma hadi iwe uji, itie kwenye chupa pana yenye kifuniko pamoja na maziwa, utikise kwa nguvu dakika mbili tatu. Inakubali.

Jambo moja linabadilika sasa hivi, nami nalitazama kwa wasiwasi. Mitambo ya kupozea maziwa imekuwa ikisambazwa katika kaunti zinazofuga, na palipo na mtambo, hata maziwa ya jioni yanaweza kulala salama hadi gari lifike. Ni habari njema kwa mfugaji, ambaye kwa miongo mingi alipunjwa kwa sababu maziwa hayasubiri. Ila ina maana kwamba ile sehemu ya siku ambayo soko halikuifikia sasa inafikiwa. Zamani mama hakuhitaji kuamua: mchuuzi hakuja jioni, na maziwa yalikuwa ya nyumba. Sasa itambidi apime nusu lita ya watoto kabla mkebe haujafungwa, aiweke kando, na asikubali iongezwe kwenye daftari hata mwezi ukiwa mgumu. Ushirika unaweza kumsaidia kwa kupanga bei ya asubuhi ambayo haimlazimishi kuuza ya jioni, na hilo ni jambo la kuulizwa katika kila mkutano mkuu wa mwaka wa wafugaji, kuanzia Nyansiongo.