Kaya Moja ni Ipi?

Asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi: ndivyo ulivyoonesha Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, na ndivyo wanafunzi wangu wanavyonakili katika aya ya kwanza ya ripoti zao. Namba hiyo sina ugomvi nayo. Ninachowauliza ni habari ya neno lililomo katika jina la utafiti wenyewe, neno wanalolipita kana kwamba halina historia. Kaya ni nini, na nani aliamua?

Katika nyanda hizi za kati, watu hawakuanza kuhesabiwa ili hali zao zijulikane. Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda mwaka 1897, Waingereza wakairithi na kuiongezea kodi ya kichwa. Hesabu ya watu ikawa tawi la ukusanyaji wa kodi. Sasa fikiria tembe la Mgogo: jengo refu la paa bapa la udongo, vyumba vyake vikiuzunguka ua wa mifugo. Kibanda kimoja hapo kinaanzia wapi na kuishia wapi? Afisa alilazimika kukata shauri, na mwenye tembe alijua vyema kwamba kila ukuta ukihesabiwa, mfuko wake utapungua. Hata idadi ya waliokufa katika njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, na ambayo wazee bado wanaitaja kwa jina, tumeirithi kama makadirio ya maofisa, wala si hesabu.

Mambo yalibadilika mwaka 1948, sensa ya Afrika Mashariki ilipofanywa kwa mpango mmoja na kufuatiwa na sensa ya sampuli iliyouliza maswali ya kina zaidi. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika kikaanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, na mwaka 1967 taifa huru likajihesabu. Tangu hapo kipimo si kibanda tena. Ni kaya: watu wanaoishi pamoja, wanaoshirikiana chakula na mahitaji mengine, na wanaomtambua mkuu mmoja.

Lakini kaya ni neno ambalo Wagogo walikuwa nalo tayari. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, alieleza kwamba kaya kwao ni boma zima lenye mwenyewe, na ndani yake zimo nyumba, kila mke na nyumba yake. Kwa hiyo mdadisi anapobisha hodi kijijini Bahi au Chamwino na kuuliza habari za kaya, yeye na mwenyeji wake wanatamka neno moja huku kila mmoja akiwa na picha yake kichwani.

Je, tofauti hiyo inadhuru? Tufanye hesabu kwa boma la kubuni. Mstari wa umaskini wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Chukua boma lenye nyumba mbili, kila moja na watu wanaolingana na watu wazima wanne. Nyumba kubwa inatumia shilingi 260,000 kwa mwezi, nyumba ndogo 180,000. Ukiandika kaya moja, unagawa 440,000 kwa 8 na kupata 55,000: hakuna maskini pale. Ukiandika kaya mbili, nyumba kubwa inapata 65,000 na nyumba ndogo 45,000, na watu wanne wameingia katika umaskini bila sahani hata moja kuongezeka wala kupungua. Hakuna programu ya kompyuta itakayoligundua jambo hilo baadaye. Limekwisha kuamuliwa mlangoni.

Wapo wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya vijijini. Huwapeleka wanafunzi Majengo, hapa mjini Dodoma, wajaribu madodoso yao katika nyumba za kupanga karibu na soko. Huko tatizo hugeuka: vyumba sita katika ujia mmoja, majiko sita, kaya sita, hapo hapana ubishi. Ubishi huja kwenye chumba cha vijana wawili wachuuzi wanaochangia kodi ya pango, kila mmoja akila kwa mama lishe kwa fedha zake, na mmoja wao akilala Kibaigwa wiki nzima msimu wa mahindi. Kundi moja huandika kaya moja, jingine mbili. Mimi siwapi jibu. Nawataka waandike kanuni waliyoifuata, na waitumie ileile chumba cha mwisho kama cha kwanza.

Uamuzi huo una uzito serikalini. TASAF imekuwa ikiendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na anayeorodhesha majina kijijini anaamua, apende asipende, kama mke wa nyumba ndogo ana kaya au ni sehemu ya kaya ya mtu.

Ndiyo maana marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Septemba 2018 yalinisumbua. Yalifanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu za kupotosha au kutilia shaka takwimu rasmi, na wengi katika taaluma yetu wakaanza kunong'ona. Kosa hilo liliondolewa mwaka 2019, na vema. Kupotosha hakuhitaji kughushi chochote. Kati ya 2011/12 na 2017/18 kiwango cha umaskini kilishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4, lakini kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini ilipanda kutoka takribani milioni 12 hadi takribani milioni 14. Waziri anaweza kusimama na sentensi ya kwanza, mwanaharakati na ya pili, na wote wawili wamesoma ripoti zilezile. Mwanafunzi wangu anayeniletea moja bila ya nyingine namrudishia karatasi yake, pamoja na swali la pambizoni: kaya ngapi, na zilihesabiwaje?