Yule kijana aliyekimbia uchi Gethsemane alikuwa nani?

Kuna watu wamesoma Biblia miaka nenda rudi na bado mistari hii miwili imewapita. Marko 14, mstari wa 51 na 52. Yesu kashakamatwa, wanafunzi wametimua mbio, mara anatokea kijana mmoja aliyejitanda shuka ya kitani tu, hana nguo nyingine mwilini. Wanamkamata. Anawaachia shuka, anatoka nduki uchi. Basi, imeisha. Hatajwi jina, wala haelezwi katokea wapi au kaishia wapi.

Mathayo na Luka, ambao wataalamu wengi wanakubali kwamba waliandika wakiwa na kitabu cha Marko mkononi, wamekiruka kisa chote. Pengine hata wao hawakujua wakifanyie nini.

Jibu linalosikika sana ni kwamba kijana huyo ni Marko mwenyewe, kajichomeka kimyakimya kwenye hadithi yake. Matendo 12 inasema mama yake Yohana aitwaye Marko alikuwa na nyumba Yerusalemu, na waumini walikuwa wakikusanyika humo. Watu wakaunganisha: karamu ya mwisho ililiwa nyumba hiyo, kijana akashtuka usingizini, akajitupia shuka, akawafuata gizani. Tamu kweli, ila hakuna mstari hata mmoja unaosema hivyo.

Na kuna swali kubwa zaidi: nani kasema kitabu hiki kiliandikwa na Marko? Si kitabu chenyewe. Kisome toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna "mimi Marko" popote. Paulo hufungua barua zake kwa kujitaja, huyu kanyamaza. Kichwa cha Kigiriki kinasema tu "kwa jinsi ya Marko", na maneno ya namna hiyo yanahitajika pale Injili zinapokuwa zaidi ya moja na lazima zitofautishwe. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaona kichwa kiliongezwa baadaye.

Jina lenyewe linatoka kwa Papias, askofu wa Hierapolis, katika Uturuki ya leo, mwanzoni mwa karne ya 2. Vitabu vyake vimepotea; yaliyobaki ni vipande tu, na hiki cha Marko kilihifadhiwa na Eusebius, mwanahistoria wa karne ya 4. Papias anasema Marko alikuwa mkalimani wa Petro, akaandika aliyoyakumbuka, japo si kwa mpangilio. Halafu anaongeza kwamba Marko hakumsikia Bwana wala hakumfuata. Hapo hadithi ya shuka inaanza kuyumba, maana shahidi yuleyule anayeleta jina ndiye anayemtoa Marko bustanini.

Lakini Papias naye asidharauliwe. Kama watu walikuwa wanatafuta tu jina la kukipa kitabu heshima, kwa nini wamchague Marko, ambaye hakuwa mmoja wa wale kumi na wawili, na ambaye Paulo na Barnaba waligombana hadi wakaachana kwa sababu yake? Jina la Petro lingekuwa na uzito mara mia.

Mwandishi, awe nani, aliandikia watu wa mbali. Anawaeleza desturi za Wayahudi na kuwatafsiria Kiaramu, kama pale kwa binti Yairo, "Talitha, kumi" (hiyo kumi si namba, maana yake ni inuka). Wengi wanakiweka kitabu karibu na mwaka 70, Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa na Warumi.

Mjerumani Gerd Theissen ana wazo zito kuliko la kijana wa nyumba ya Marko. Usiku uleule, mtu mmoja alichomoa upanga akamkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Marko hamtaji naye. Yohana, aliyeandika baadaye, anamtaja wazi: Simoni Petro. Theissen anasema kisa hiki kilianza kusimuliwa Yerusalemu wakati wahusika bado wako hai. Aliyepigana na waliokuja kukamata, au aliyewaponyoka mikononi, angeweza kutafutwa. Wasimulizi wakawaficha, na baadaye mwandishi akapokea kisa kikiwa hakina majina. Kwa hesabu hiyo, ukimya ule ni woga wa watu halisi waliokuwa na jirani wa kuwachongea.

Kijana anarudi tena, au angalau neno lake linarudi. Neno la Kigiriki la "kijana" linalotumika Gethsemane linatokea kwa Marko mahali pengine pamoja tu: kaburini, sura ya 16, ambapo kijana aliyevaa vazi jeupe amekaa upande wa kuume. Na lile neno la shuka ya kitani ndilo la sanda aliyofungiwa Yesu. Wanawake wakakimbia wasimwambie mtu neno lolote, kwa sababu waliogopa. Katika nakala mbili kongwe za Kigiriki zenye sura hiyo, Vaticanus na Sinaiticus, kitabu kinaishia hapo.