Adui Anapotoweka: GoldenEye (1995) na Deni la Lienz

Filamu ya kumi na sita katika mfululizo rasmi wa James Bond, Licence to Kill, ilitoka mwaka 1989. Kisha pakawa kimya kwa miaka sita. Aghalabu kimya hicho huelezwa kuwa tokeo la mzozo wa kisheria baina ya wamiliki wa haki za mhusika huyu na studio ya MGM, na maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo Ukuta wa Berlin uliporomoka, Umoja wa Kisovieti ukavunjika mnamo Desemba 1991, na jasusi wa Kiingereza akapokonywa mazingira yaliyomlea tangu Ian Fleming alipomwumba katika Casino Royale (1953). Ni kweli kwamba filamu za awali hazikupenda kuwafanya Warusi maadui wa moja kwa moja. Zilibuni genge la SPECTRE. Lakini genge hilo nalo liliishi katika ufa uliokuwapo baina ya madola makuu mawili. Ufa ulipozibwa, adui angetoka wapi? Hilo ndilo swali tunalokusudia kulijadili hapa, na jibu la GoldenEye, iliyoongozwa na Martin Campbell, ni la ajabu kuliko ambavyo wahakiki wengi wamekiri.

Kwamba filamu hii inajua umri wa shujaa wake si jambo la kubishaniwa. Katika utangulizi wa majina, wanawake wanazivunja kwa nyundo sanamu za viongozi wa Kisovieti. M, ambaye kwa mara ya kwanza anaigizwa na mwanamke, Judi Dench, anamwambia Bond (Pierce Brosnan) ana kwa ana kwamba yeye ni masalia ya Vita Baridi. Kejeli hizi zimesifiwa sana. Kwa maoni yetu ni mapambo tu: shujaa anasutwa katika eneo la kwanza ili aruhusiwe kuendelea vile vile katika yanayofuata. Uzito wa filamu uko kwingine.

Uko kwa Alec Trevelyan (Sean Bean), jasusi 006, sahibu wa Bond, anayedhaniwa kuuawa huko Arkhangelsk. Miaka tisa baadaye anaibuka akiwa mkuu wa genge la Janus. Katika uwanja wenye sanamu zilizong'olewa, anamkumbusha Bond asili yake: wazazi wake walikuwa Wakosaki wa Lienz.

Hapa hatuna budi kuiacha filamu kwa muda. Mwezi Mei 1945, katika bonde la mto Drava huko Austria, maelfu ya Wakosaki waliokuwa wamepigana upande wa Wajerumani walijisalimisha kwa jeshi la Uingereza pamoja na wake na watoto wao. Makubaliano ya Yalta ya Februari mwaka huo yaliitaka Uingereza iwarejeshe raia wa Kisovieti. Lakini miongoni mwa waliokabidhiwa, akiwamo Jenerali Pyotr Krasnov, si wachache waliokuwa wameihama Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, wala hawakuwahi kuwa raia wa dola hiyo mpya. Tarehe 28 Mei maofisa wao waliitwa kwa kisingizio cha mkutano, wakapelekwa kwa Wasovieti. Tarehe 1 Juni, familia zilizokuwa katika ibada kambini Peggetz zilipakiwa magarini kwa virungu na vitako vya bunduki. Wapo waliojitosa mtoni. Krasnov alinyongwa Moscow mnamo Januari 1947.

Mkasa huu haukuwa umesahauliwa Uingereza. Mwaka 1989, mwaka ule ule wa Licence to Kill, mahakama moja mjini London ilimwamuru mwanahistoria Nikolai Tolstoy na mwenzake wamlipe Lord Aldington fidia ya pauni milioni 1.5 kwa kumkashifu kuhusiana na makabidhiano yale. Mnamo Julai 1995 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba ukubwa wa fidia hiyo ulikiuka uhuru wa kujieleza. Miezi minne baadaye GoldenEye ikaonyeshwa. Hatudai kwamba waandishi wa mswada walikaa mahakamani wakinukuu. Tunasema tu kwamba walipokosa adui nje walimpata ndani, katika jeraha ambalo taifa lao lilikuwa bado likilibishania.

Trevelyan anasema wazazi wake waliponea usaliti wa Waingereza na vikosi vya Stalin, kisha baba akamuua mama na kujiua kwa kutostahimili aibu. Idara ya ujasusi ilimchukua ikidhani alikuwa mdogo mno kukumbuka. (Aliyeyashuhudia ya 1945 angekuwa na miaka hamsini kwenda juu, Bean alikuwa na 36. Tusilikwamie hilo.) Dola iliyowatoa wazazi ikamlea mtoto awe mtumishi wake! Usawiri wa namna hii ni adimu katika riwaya na filamu za kijasusi, ambazo msaliti wake kwa kawaida hununuliwa au hupumbazwa na itikadi. Huyu ana hoja.

Na kwa kuwa ana hoja, msuko unalazimika kumpunguza. Tunaelezwa kwamba silaha yake ya setilaiti itafuta kumbukumbu zote za fedha mjini London baada ya yeye kuziiba kwa kompyuta, na Bond anapata fursa ya kumwita mwizi wa kawaida. Mashtaka ya kihistoria yanageuzwa kesi ya wizi wa benki. Wasomaji wa Elvis Musiba wataona tofauti: katika Kufa na Kupona (1974), Willy Gamba, ambaye ni ndugu wa Bond kifani, anatumikia ukombozi wa Afrika, na hasira ya kihistoria iko upande wa shujaa. Katika GoldenEye hasira hiyo iko upande wa adui.

Mwishoni, juu ya antena kubwa inayosemekana iko Kuba, ingawa ilipigiwa picha Arecibo, Puerto Rico, Bond amemshika Trevelyan mguu. Trevelyan anamwuliza iwapo anamuua kwa ajili ya Uingereza. Bond anajibu kwamba la, ni kwa ajili yake mwenyewe, kisha anamwachia. Kwa jibu hilo dola iliyoshtakiwa inatolewa kizimbani. Lienz haitajwi tena katika filamu hii, wala katika tatu za Brosnan zilizoifuata hadi 2002.