Dome wa Zanzibar na jina aliloandikiwa Hamburg

Ndugu vijana, leo tunawaletea historia ya mnyama ambaye hapa Kampala hatumuoni. Nenda soko la Ggaba: utapata sangara, ngege na mukene, lakini dome hutamkuta. Yeye ni wa maji ya chumvi tu, kama jamaa zake pweza na ngisi. Ana mikono minane, minyiri miwili mirefu ya kukamatia chakula, na mioyo mitatu. Akitishwa anamwaga wino anakimbia.

Wavuvi wa pwani wanamjua tangu zamani. Ila kwenye vitabu vya sayansi, aina moja ya dome ilianza kuhesabiwa mwaka 1884. Mtaalamu wa makumbusho ya Hamburg, Georg Pfeffer, ndiye aliyeiandika na kuiita Sepia zanzibarica. Hamburg na Zanzibar walikuwa wanajuana: walikuwa na mkataba wa biashara tangu 1859. Jina la mji wa Sultani likaingia kitabuni. La mvuvi halimo.

Mwaka uleule, mwezi wa Novemba, wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuzungumza mambo ya Kongo na Afrika. Mwafrika hakuwepo mezani. Mipaka iliyochorwa zama zile ndiyo wengi wetu tumeivuka na mabegi kichwani.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1943, wakati wa vita, mabomu yaliteketeza jengo la makumbusho yale. Nyumba iliisha, lakini jina la dome likabaki. Kwa nini? Juu lilikuwa limeshaandikwa na kusambazwa sehemu nyingi.

Sisi tunajua nyumba inavyoungua. Inaungua na picha, na vyeti, na daftari la babu. Kwa hiyo tunaombana hivi: kila mmoja wiki hii akae na mzee mmoja, amuulize majina ya kijiji chake, mto wake, samaki wa kwao. Aandike kwa lugha ya mzee mwenyewe, halafu nakala ziwe kwa watu wawili au watatu.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mkituandikisha, tuulizeni kwanza jina linaandikwaje. Herufi moja ikikosewa, mtoto anaweza kuhangaika nayo miaka.

Dome hakuulizwa. Sisi tuna mdomo, na kalamu tunayo.