Boriti za Lamu

Mtu aingiaye katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu huona kwamba vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, upana wake ukiwa kama mita 3 tu. Sababu haimo katika mawe, imo katika mti. Dari nzito ya mawe na chokaa hubebwa na boriti za mikoko, wala boriti haiwezi kuibeba kwa upana kupita huo. Basi mikoko ndiyo iliyompimia fundi nyumba yake.

Miti hii huota topeni, mahali bahari hujaa na kupwa, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo Lamu. Wenyeji huitambua kila mmoja: mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mlilana utanguliao kuikabili bahari, na mchu, ambao maua yake madogo nyuki hawayasahau. Ukisha kukatwa, mti hupewa jina jingine kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo.

Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba ya Uajemi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti, kwa kuwa nchi zile hazina miti ya kujengea. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko kuwa msitu wa hifadhi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, na mwezi wa Februari 2018 ukataji ulisimamishwa katika misitu yote ya serikali. Kila mara aliyeumia kwanza ni mkataji mwenye shoka na mashua yake.

Lakini shoka halikuwa peke yake. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, uliozinduliwa mwezi wa Machi 2012, uliondoa mikoko na kuchimba sakafu ya bahari. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Nionavyo mimi, si haki kumlaumu mkata fito na kunyamaza juu ya bandari.

Huko Mtangawanda, kisiwani Pate, wanawake wamekuwa wakipanda miche palipokatwa. Mbegu ya mkoko huchipuka ingali mtini, ndefu kama mkuki, kisha huanguka. Ikibahatika hujichoma topeni na kusimama.