Habari za Hoteli za Nairobi, Tangu Hema hata Ghorofa

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa desturi ya watu wetu wa zamani msafiri hakuuliza bei ya malazi. Alibisha hodi, akapewa maji ya kuoga na mahali pa kutandika mkeka, na asubuhi akashika njia yake. Hata pwani, penye wafanya biashara wengi tangu kale, mgeni alilala kwa ndugu yake, au kwa mtu wa kwao, au kwa tajiri aliyefanya naye biashara. Kuuza usingizi kwa fedha lilikuwa jambo geni. Leo Nairobi ni mji wenye vitanda vya kukodi maelfu kwa maelfu, na watu hutoka pande zote za dunia kuja kununua malazi ya siku mbili tatu. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi jambo hili lilivyopata kuwa. Maana mtu akizitazama hoteli za mji ataiona historia ya mji wenyewe: nani alikuja, alifuata nini, na nani alifungiwa mlango.

Jina la Nairobi latoka katika lugha ya Wamasai, nalo lahusu maji baridi ya mto uliopita pale. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwisho wa Mei 1899 ilifika hapo, maili zaidi ya 300 toka pwani. Mbele yake palikuwa na milima ya kupanda na Bonde la Ufa la kushuka. Kwa hiyo wakubwa wa reli waliona heri wasimame kwanza, wakaweka hapo karakana, ghala na makao yao. Watu walilala katika mahema na vibanda vya mabati. Basi mji huu haukuzaliwa na mfalme wala na soko la kale. Ulizaliwa na gari la moshi.

Siku zile treni hazikuwa na behewa la chakula. Abiria walishuka katika stesheni kama Voi, wakala katika nyumba zilizowekwa na reli, kisha wakapanda tena. Walipofika Nairobi walikuwa wamejaa vumbi jekundu toka utosini hata unyayoni, nao walitaka mambo matatu: maji, chakula na kitanda. Haja hiyo ndiyo mama wa hoteli zote za Nairobi.

Mtu mmoja aliyeiona haja hiyo mapema alikuwa mwanamke wa Kizungu, jina lake Mayence Bent. Mwaka 1902 alianzisha hoteli iliyoitwa Stanley, kwa jina la yule msafiri Henry Morton Stanley, katika njia ambayo sasa ni Tom Mboya Street. Mwaka 1905 moto ukateketeza nyumba hiyo. Yeye hakukata tamaa; alitafuta jengo jingine akaendelea na kazi, hata mwaka 1913 hoteli ikafunguliwa mahali ilipo leo, ikaitwa New Stanley. Wakati huo hoteli ya pili yenye sifa ilikuwa imekwisha simama: Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904 na mabwana wawili, Ringer na Winearls.

Kwa nini hoteli hizo zilipata wageni upesi hivyo? Sababu ni tatu. Ya kwanza, mwaka 1905 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Mombasa, na kila mwenye shauri la kiserikali ilimbidi apande bara. Ya pili, walowezi walikuwa wakija kutafuta mashamba, nao walikaa mjini wakingoja kupewa ardhi, ardhi ambayo wengi wa wenyewe hawakuulizwa. Ya tatu ni uwindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda, akakaa Norfolk. Habari zake zikaenea magazetini, na neno letu "safari" likasambaa pamoja nazo katika lugha za Wazungu. Baada yake matajiri wengi walifuata nyayo zake.

Katika habari hizi yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yaonyesha vizuri jinsi biashara hii ilivyokua. Ni Abraham Block, Myahudi aliyefika mwaka 1903 bila mali ya kutaja. Husimuliwa kwamba aliona hoteli inakosa magodoro, naye akakata nyasi, akazikausha, akashona magodoro akauza. Mwaka 1927 alipata kuwa mwenye Norfolk, na mwaka 1947 akainunua na New Stanley. Mshona magodoro akawa mwenye vitanda! Tena Nairobi ilikuwa imekwisha pata hoteli nyingine kubwa, Torr's, iliyojengwa na Ewart Grogan mwishoni mwa miaka ya 1920, mahali pa ngoma na chai ya alasiri.

Walakini historia isiyosema yote si historia. Katika hoteli hizo mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu nyeupe, ili apike, afue, atandike na kupeleka sinia mezani. Aliitwa "boi", ijapokuwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Hata angalikuwa na fedha mkononi, hakuruhusiwa kukaa katika kiti alichokipangusa kila siku, wala kulala katika kitanda alichokitandika. Wahindi nao, ambao mikono yao ilijenga reli, hawakukaribishwa. Sheria ya mgeni ya wazee wetu ilikuwa imegeuzwa juu chini: mgeni alikuwa bwana, na mwenyeji akahesabiwa kuwa mgeni katika nchi yake.

Mwezi wa Machi 1922 jambo hilo lilionekana kwa damu. Serikali ilikuwa imemkamata Harry Thuku, aliyekuwa akiwatetea watu juu ya kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Tarehe 16 watu wengi walikusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na Norfolk, wakitaka afunguliwe. Wanawake walikuwamo, na Mary Muthoni Nyanjiru aliwahimiza wanaume wasirudi nyuma. Polisi wakapiga risasi. Na tena imesimuliwa kwamba Wazungu waliokuwa katika baraza ya hoteli nao walipiga. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21; wengine walisema walikuwa wengi kupita hao, na Muthoni alikuwa mmoja wao. Leo anayetaka kwenda Norfolk hupita Harry Thuku Road, maana njia ya hoteli hiyo imepewa jina la yule mfungwa. Wageni wengi hulisoma jina katika kibao bila kujua maana yake.

Je, Waafrika waliokuja Nairobi kwa kazi na biashara walilala wapi? Walilala Pangani, na baadaye Pumwani, katika nyumba za udongo zilizokuwa na vyumba vya kukodi. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa Waislamu wasemao Kiswahili, na miongoni mwao walikuwamo wanawake waliojipatia mali kwa kukodisha vyumba. Pangani ilibomolewa mwaka 1939. Na kwa mtu wa kawaida neno "hoteli" lilipata maana nyingine, yaani nyumba ya kuuza chai, mandazi, maharagwe na wali. Na hata leo, mtu akisema anakwenda hotelini, huenda hana haja ya kitanda ila ya chakula tu. Hoteli hizo ndogo, na nyumba za kulala wageni za upande wa River Road ambazo watu huziita lojingi, hazitajwi sana katika vitabu. Lakini ndizo zilizompokea mfanya biashara wa mahindi, mwalimu aliyefuata mshahara wake, na mzazi aliyeleta mgonjwa.

Katika miaka ya 1950 desturi ya kubagua watu kwa rangi ilianza kulegea katika hoteli, na Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 msingi wake ulikuwa umekwisha vunjika. Wakati huohuo njia ya wageni ilikuwa imebadilika. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na msafiri wa Ulaya aliyekuwa akikaa majuma merikebuni sasa aliweza kufika kwa muda usiozidi siku moja. Basi kampuni kubwa za nje zikaja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilisimama Intercontinental na Hilton. Na mnara wa mviringo wa Hilton, uliofunguliwa mwaka 1969, ukawa alama ya mji.

Tena alikuja mgeni wa namna mpya, ambaye hakufuata ardhi wala simba, bali mkutano. Mwaka 1972 Umoja wa Mataifa uliamua kuweka Nairobi makao ya shirika lake la mazingira. Mwaka 1973 lilimalizika jumba la mikutano la Kenyatta, ambalo mchoraji David Mutiso alilichora pamoja na Karl Henrik Nøstvik, na Septemba ya mwaka huo wakuu wa fedha wa dunia wakakutana humo katika mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha. Haukuwahi kufanywa katika Afrika kabla ya hapo. Mwaka 1975 ikaanzishwa Chuo cha Utalii, kwa msaada wa Uswisi, ili vijana wa nchi wajifunze kazi ya hoteli kama elimu yenye cheti na heshima. Mimi naona jambo hili ni kubwa kuliko minara. Mahali alipoitwa mtu mzima "boi", mjukuu wake akaweza kuwa meneja.

Yafaa tufahamu pia kwamba biashara hii ni ya hatari kuliko wengi wadhanivyo. Mwenye duka akikosa mnunuzi leo, kitambaa chake kitauzwa kesho. Lakini kitanda kisicholaliwa usiku huu hasara yake hairudi kamwe. Usiku hauwekwi ghalani. Katika mji wa biashara kama Nairobi wageni huja sana siku za kazi, na mwisho wa juma vyumba huwa vitupu, wakati wapishi na walinzi bado wangoja mshahara. Zaidi ya hayo, mgeni hufuata amani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka Norfolk na kuua watu, na hoteli ikajengwa upya. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa katikati ya mji, wakafa watu zaidi ya 200. Mwezi wa Januari 2019 hoteli ya DusitD2 ilishambuliwa, wakauawa watu 21. Nayo ikafungua milango tena mwaka huohuo. Kila mara wageni walipungua, kisha wakarudi. Aliyetangulia kurudi kila siku ni mfanya kazi, ambaye hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, na ndege zikakaa chini. Intercontinental ilifungwa mwaka huo, na Hilton ikafuata mwishoni mwa mwaka 2022. Wengine walidhani kwamba biashara ya hoteli Nairobi imekufa. Sivyo, ilikuwa imehama. Kwa miaka mingi benki, kampuni na mashirika yalikuwa yakitoka katikati ya mji yakienda Westlands na Upper Hill, na hoteli zikayafuata kama kivuli kimfuatavyo mtu. Sankara ilifunguliwa Westlands mwaka 2010, Villa Rosa Kempinski mwaka 2013, na Radisson Blu huko Upper Hill mwaka 2015. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 yamchukua mgeni toka uwanja wa ndege mpaka Westlands bila kuingia mjini. Hata reli mpya ya mwaka 2017 haimshushi abiria mahali pale pa zamani, bali Syokimau, nje ya mji. Stesheni iliyouzaa mji si tena mlango wake.

Tujifunze nini katika hayo? Kwanza, hoteli haiiti biashara; biashara ndiyo iitayo hoteli. Bibi Bent alifuata reli, Hilton ilifuata ndege na mikutano, na wa sasa wafuata ofisi. Anayejenga ghorofa bila kuuliza mgeni atakuja kufanya nini, ajenga nyumba ya popo. Pili, na hili ndilo zito, mlango wa nyumba ya wageni ni kipimo cha haki ya mji. Zamani Nairobi ilipima mtu kwa rangi yake, na aibu yake imeandikwa katika jina la njia. Leo kipimo ni fedha. Hakuna anayezuiliwa kwa ngozi yake, lakini kijana atandikaye kitanda huweza kufanya kazi siku nyingi asipate kulipa bei ya usiku mmoja juu ya kitanda hichohicho.

Sisi tusomao Injili twamkumbuka yule Msamaria aliyempeleka mjeruhiwa katika nyumba ya wageni, akatoa fedha zake, akaahidi kulipa deni atakaporudi. Mwenye nyumba hakuuliza kabila la mgonjwa. Alipokea fedha halali kwa kazi halali, na mtu akapona. Hapo twaona kwamba kuuza malazi si kuuvunja ukarimu wa wazee, maadamu mlango uko wazi kwa haki, na yule atandikaye apata ujira unaomtosha. Nairobi imekwisha jua kujenga vyumba vingi. Ikijua na hilo la pili, basi mgeni atakapokuja, mwenyeji naye atapona.